Ukienda kulala kwa Wamuong, subiri upewe jembe

Mara ya kwanza kulala kijijini kwa Wamuong, kabila la kaskazini mwa Vietnam, nililala usiku mmoja tu, nikarudi Hanoi nikawa nawahadithia wenzangu wa hosteli kama vile nimeoa huko. Ilikuwa safari ya kulipia kwa wakala, simtaji, tulifika saa kumi jioni, saa kumi na mbili tuko mkekani tunakula, saa mbili akina mama wakatoka na sketi zao nyeusi za mkanda mpana uliofumwa michoro ya madragoni, wakapiga upatu, tukacheza ngoma yao ya kuruka mianzi, picha, kulala, asubuhi basi linapiga honi. Kitu kimoja tu nilikiona ambacho hakikuwa kwenye ratiba, mama mmoja alianza kufungua ule mkanda kabla hata hatujamaliza kupiga picha, anawahi kulisha nguruwe.

Sasa sisi Waswahili tunajua, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nakwambia hivi, ukienda homstei ya Wamuong, yaani kulala nyumbani kwa wenyeji, usiondoke kabla ya hilo jembe. Siku ya kwanza unafanyiwa ugeni, ya pili wanakuzoea, ya tatu ndio unaanza kuona watu wanaishije, na hela utakayoongeza kwa usiku mbili zaidi haifiki hata ile wanayokutoza Hanoi kwenye hoteli ya kawaida. Mimi godoro sakafuni na chandarua nililipa dong laki moja kwa usiku, yaani kama dola 4, chakula mbali.

Kwanza jua unaenda kwa nani. Watu wengi wakisikia nyumba za nguzo karibu na Hanoi wanapelekwa Mai Chau, kijiji cha Lac, pazuri sana sikatai, ila wale ni kabila jingine la hapohapo Vietnam, Wathai weupe, siyo Wamuong. Wamuong wenyewe ni zaidi ya milioni 1.4 kwa sensa ya 2019 na kitovu chao ni Hoa Binh. Kuna Giang Mo kule Cao Phong kwenye machungwa, kuna Luy Ai huko Tan Lac, na kuna vijiji vya Da Bac pembeni ya bwawa la umeme la Hoa Binh, Da Bia ndio kinajulikana zaidi. Mara ya pili mimi nilienda upande huo wa Da Bac. Angalizo kidogo, tangu Julai 2025 mkoa wa Hoa Binh umeunganishwa na Phu Tho na wilaya zimefutwa, kwa hiyo usishangae ramani inasema Phu Tho na dereva anasema Hoa Binh, wote wako sawa. Basi unapanda kituo cha My Dinh, Hanoi, kama kilomita 75 mpaka mjini Hoa Binh, kisha ni pikipiki au boti kutegemea kijiji. Viza sikuhizi unaomba mtandaoni, tangu Agosti 2023 wamefungulia nchi zote, na paspoti yako usiiache Hanoi kwa sababu mwenyeji lazima akuandikishe kwa polisi.

Ukifika watakuuliza umri. Usinune. Kivietnamu hakina "wewe" ya bure bure, lazima wajue wakuite nani na wewe uwaite nani, na hapa Mswahili una raha kuliko Mzungu yeyote kwa sababu haya mambo tumezaliwa nayo. Mwenyeji wangu alikuwa mkubwa kuliko mama yangu kwa hiyo ni "bác", ambayo kwa mwanamke ni mama mkubwa kabisa. Nilipomwita hivyo bila kukosea akapiga kelele kumwita mumewe chini aje asikie.

Nyumba iko juu ya nguzo, unavua viatu kwenye ngazi, miguu ikiwa na tope unanawa kwanza. Ndani ni chumba kimoja kirefu, sakafu ya mianzi inalia kila ukigeuka, wageni na wenyeji mnatenganishwa na pazia tu, kwa hiyo simu zako za saa sita usiku kapigie nje. Upande wa madhabahu ya mababu usiende kujinyoosha na miguu imeelekea huko, uliza ulale kichwa wapi, watakuonyesha. Na kama ni Desemba au Januari beba soksi na sweta, upepo unaingilia chini ya mgongo, mimi mtoto wa Tanga nililala na koti.

Chakula sasa, hapa nakaa kidogo kwa sababu wengi wetu ni Waislamu. Nguruwe ni sehemu ya maisha yao kabisa, wanamchoma wanampanga juu ya jani la mgomba, na hata ukisema huli, mboga inaweza kukaangwa na mafuta yake hayohayo na mtu hajakudanganya, kwake mafuta siyo nyama. Kwa hiyo usiseme tu "không ăn thịt lợn", sili nyama ya nguruwe, ongeza "mỡ lợn", mafuta ya nguruwe, na sema siku unayobuku, siyo wakati sufuria iko jikoni. Mimi nilibeba chupa yangu ya mafuta. Siku ya pili bác akataka kunichinjia kuku wa kupika na machipukizi machachu ya mianzi, nikamwomba kupitia apu ya kutafsiri nichinje mwenyewe, akanipa kisu akasimama pembeni kuangalia nazunguka na kuku mkononi natafuta kibla. Magharibi. Mumewe akadhani nakwepa jua usoni, akaenda kuleta kofia.

Pombe ya mtungi nayo ipo, mnazunguka mtungi mmoja kila mtu na mrija wake wa mwanzi, halafu kuna mtu anamimina maji kwa pembe la nyati na unatakiwa unywe kiasi kilekile alichomimina. Kama hunywi kaa pale pale kwenye duara, usikimbilie kulala. Nilipewa kazi ya kumimina na nikawa mtu muhimu kuliko wote.

Kitu cha kutoomba ni Mo. Utasoma kwamba Wamuong wana tenzi ndefu za kuumbwa dunia, ni kweli, lakini hizo zinasomwa na mganga wao mazishini, usiku kucha. Kuna kijana wa kikundi kingine alisisitiza asomewe kidogo arekodi. Ni sawa na mtu aje kwenu aseme hebu niimbieni kidogo ya msibani. Upatu sawa, lipia wakupigie, ni ya kufurahia pia.

Siku ya tatu asubuhi bác akaniletea jembe bila kusema neno. Tukapanda mlimani kwenye mihogo. Nilikuwa sijui kama wanalima mihogo! Mteremko ule ukidondosha kitu unakifuata ziwani. Nikalima nusu saa akanisahihisha mikono, kisha tukakaa kivulini na hapo ndipo mumewe akanyoosha kidole kwenye maji, pale, na pale, akasema mashamba ya mpunga ya baba yake yako huko chini. Bwawa lilianza kujengwa 1979 kwa msaada wa Wasovieti, likakamilika 1994 likiwa na megawati 1,920, na maelfu ya watu walihama au wakapanda juu kadiri maji yalivyopanda. Mpunga ukabaki chini ya maji, wao wakabaki na mlima, mianzi, samaki wa vizimba na sasa wageni. Safari ile ya kwanza ya upatu nilipiga picha kibao za hilo ziwa nikaandika mtandaoni "paradiso", nikaifuta nikiwa hapohapo mlimani, bando likiwa linasuasua.

Lipa mkononi kwa familia au kwa kikundi cha kijiji kama kipo, na uliza mapema nani anapata nini, hawaoni vibaya.

Jioni tulikula kisamvu. Kweli kabisa, majani ya mihogo, ila wao wanayachachusha kwanza halafu wanapika na samaki. Nilivyowaambia kwetu tunatwanga na kuweka nazi, bác akaandika kwenye karatasi neno "nazi" kwa herufi zake. Kesho yake akanifungia ya kwangu kwenye chupa ya maji. Ilivuja kabla hatujamaliza nusu ya njia, basi zima likanuka, dereva akafungua madirisha yote, kwa hiyo beba mifuko ya plastiki ya ziada na hivyo vyakula viweke miguuni, siyo juu ya kichwa cha mtu.