Jibu: Mashimo ya mtaani ni ya halmashauri au TARURA?

Mkuu, umeuliza kwa nini halmashauri ya mji wenu inasema mashimo ya mtaani si kazi yake. Hapo hawajakukwepa. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini hapa Tanzania ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo; zile kuu na za mkoa ni za wakala mwingine, TANROADS. Halmashauri imebaki na taka, masoko, stendi na mengineyo.

Fedha nyingi za matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, yaani ile tozo unayokatwa kwenye kila lita ya mafuta. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo ukiripoti shimo Aprili, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, bajeti ilishapangwa. Watamwaga moramu, wiki mbili tu malori yameshaichimbua.

Ila kagueni mtaro kwanza. Sisi tulililia lami miaka miwili, kumbe kalavati limezibwa na chupa za plastiki, maji yanapita juu ya barabara. Pigeni picha mvua ikinyesha, andikeni barua kupitia mwenyekiti wa mtaa kwenda kwa meneja wa TARURA wilaya. Nakala mpeni diwani, huyo ndiye wa kupiga kelele.