Je, Mungu anamwadhibu mwanangu kwa kosa langu?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa usharikani. Sanduku letu lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake, lakini wapo wanaoniletea marejesho nyumbani katikati ya wiki. Hizo nimekuwa nikizitumia, nikisema nitazirudisha kabla hatujavunja kikoba na kugawana akiba. Desemba imekaribia na sina kitu. Juzi mwanangu wa miaka mitatu alivimba mikono, hospitali wakasema ana seli mundu. Shangazi wa mume wangu, anayejua habari ya pesa, amesema hiyo ni fimbo ya Mungu. Silali. Naogopa hata kuomba, na mezani pa Bwana siendi. Je, Mungu anamwadhibu mtoto kwa ajili yangu? – Mama wa watoto wawili, Iringa

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na mtoto. Seli mundu hurithiwa: mtoto huipata kwa baba na kwa mama, wote wawili, na mara nyingi wazazi wenyewe ni wazima, hawajui kama wamebeba kitu. Mwanao alizaliwa nayo. Ilikuwa katika damu yake kabla hujala shilingi ya mtu. Wanafunzi walipomuuliza Yesu habari ya yule aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana alijibu kuwa si yeye wala wazazi wake (Yohana 9). Anayesimama kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa akamtajia mama yake dhambi anasema asichotumwa. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimelisikia wodini na nimelisikia msibani, na wanaolisema ni watu wa kanisani.

Shangazi anaweza kukutajia Daudi: mbona mtoto aliyezaa na Bathsheba alikufa? Ni kweli alikufa, siku ya saba, na andiko hilo sitalilainisha. Ila lisome lote, 2 Samweli 12. Nathani alikuwa nabii, ametumwa na Bwana kwa mfalme aliyetwaa mke wa mtu na kumuua mumewe. Na kabla hajataja habari ya mtoto alitangulia kusema, "Bwana naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa." Msamaha ulitangulia. Mtoto alipougua, Daudi alifunga, akalala chini usiku kucha akimwomba Mungu yuleyule aliyemkemea. Baadaye Sulemani alipozaliwa, Bwana alimtuma Nathani huyohuyo tena, safari hii kumpa mtoto jina, Yedidia, maana alimpenda.

Sasa wewe. Mkono wa Bwana uko juu yako kweli, ila unautafuta mahali sipo. Mimi nauona kwenye usingizi uliokukimbia, na kwenye hofu inayokupata mwanakikundi akipiga hodi. Daudi aliujua: "Kwa maana mchana na usiku mkono wako ulinilemea" (Zaburi 32). Waebrania 12 inasema yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi, yaani humkanya kama baba amkanyavyo mwanawe. Hukumu ya dhambi yako Kristo alikwisha kuibeba msalabani, hailipwi mara ya pili kwa mwili wa mtoto. Anachofanya Baba ni kukunyima raha ndani ya jambo ambalo lingekumaliza. Ningekuogopea zaidi kama ungeniandikia kwamba unalala vizuri. Sauti inayokufukuza kwenye maombi si yake. Ile inayokukumbusha jina la mama fulani na kiasi alicholeta Jumatano, hiyo isikilize.

Kwa hiyo keti na daftari. Andika kila rejesho lililoishia mikononi mwako, jina na kiasi. Mweleze mumeo, kisha nendeni wote wawili kwa mwenyekiti wa kikoba, wiki hii. Usingoje siku ya kuvunja, watu wamekaa kwenye viti wanasubiri; hela ile ni ada za Januari na mbolea ya mahindi. Sheria ya Walawi 6 ilitaka mtu arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Wewe huna, basi hisa zako ziwe za kwanza kukatwa, deni litakalobaki uombe muda kwa maandishi, na daftari likabidhiwe mwingine. Utaona aibu, na wengine watasema maneno. Yavumilie.

Kisha mwone mchungaji wako. Huenda akakuweka chini ya marudi ya kanisa kwa muda kabla hujarudi kundini. Pokea. Na kama akina mama wa kikoba hicho wanasoma hapa, Paulo aliwaambia Wakorintho kuwa adhabu waliyompa mkosaji ilikuwa imetosha, sasa wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Daini haki yenu, lakini huyu msimpoteze.

Mtoto asikose kliniki. Alale ndani ya chandarua kila usiku, kwa kuwa malaria ni hatari zaidi kwa mwenye seli mundu; anywe maji ya kutosha, na homa ikipanda mkimbize hospitali bila kusubiri kuche. Tena mwombee leo, kabla hata hujalipa senti. Daudi hakungoja.