Nyimbo za sherehe ya mzee: uliza mwaka, kisha uliza nyumba

Ukimwambia dijei wa Lubumbashi alete "rumba za zamani" kwa sherehe ya mama, atakuletea zamani za mtu mwingine. Mama atapiga makofi kwa adabu, na kiti hatakiacha.

Anza na hesabu. Chukua mwaka wake wa kuzaliwa, ongeza 10, halafu kwa mwaka uleule wa kuzaliwa ongeza 25: kati ya hapo ndipo nyimbo zilipomwingia. Watafiti Holbrook na Schindler walipopima jambo hili Marekani mwaka 1989, mapenzi ya wimbo yalifika kilele kwa zile zilizotoka msikilizaji akiwa na miaka kama 24. Kwa mama wa 1958, hiyo ni 1968 hadi 1983. Bendi ya Zaïko Langa Langa ilipoanzishwa Kinshasa, Desemba 1969, alikuwa na miaka 11. Nchi ilipoitwa Zaire, 13. Lakini "Indépendance Cha Cha" ya 1960, ya uhuru wa Kongo, ilimkuta wa miaka 2. Anaijua, nani asiyeijua? Ila ni ya kaka zake.

Kuna tabaka la chini zaidi. Krumhansl na Zupnick walionyesha mwaka 2013 kwamba vijana hushikamana pia na nyimbo za ujana wa wazazi wao. Kama wazazi wa mama huyu walizaliwa karibu 1930, basi ni muziki wa miaka ya 40 na 50, na kwetu Katanga hapo ni gitaa kavu, lisilo la umeme: dole gumba linashika besi, cha shahada kinachuma sauti ya juu, maneno kwa Kiswahili. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Edouard Masengo pia. Weka mbili tatu hata kama hakuzitaja.

Mwaka peke yake utakudanganya, maana nyumba mbili za barabara moja hazilei sikio moja. Mwimbaji Tshala Muana naye alizaliwa mjini humu 1958, lakini kwa jamaa ya Waluba wa Kasai, na jina lake likapaa kwa mutuashi, ngoma ya Waluba hao. Kwa hiyo usiulize "ulipenda muziki gani?" Utajibiwa "Franco", yule nyota wa rumba, na maongezi yameisha. Uliza redio ilikaa chumba gani na nani aliruhusiwa kuigusa. Uliza Jumapili waliimba wapi, kwa Wakatoliki au kwa Wamethodisti. Uliza kama nyuma ya ukuta kulikuwa na baa. Kamalondo au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, baba anaweza kupiga marufuku rumba nyumbani, mtoto akalala nayo kila usiku ikitoka kwa jirani. (Waliokatazwa ndio mara nyingi wanaokumbuka hadi jina la mpiga solo.) Na usidharau karindula, ile banjo kubwa ya debe na ngozi ya mbuzi: kwa wengine ndiyo utoto wenyewe.

Kinachoharibu kazi zaidi ni toleo baya. Upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa: mashairi upande A, sebene, yaani sehemu ya magitaa ya kuchezea, upande B. Kwenye intaneti mara nyingi utapata A pekee. Mzee anangoja sebene, haiji, anakaa. Tafuta iliyoandikwa "1 & 2", kisha tazama urefu wake. Jihadhari pia na wimbo uliorudiwa baadaye kwa kinanda cha umeme, na santuri iliyonakiliwa kwa kasi kupita kiasi. Sauti ikipanda, mzee atasema "si yeye huyu", na atakuwa na haki.

Nyimbo 12 zinatosha: 7 za miaka yake, 3 za wazazi, 2 za kanisa. Zijaribu mchana wa siku moja kabla, kwa sauti ya chini, spika karibu naye, huku mnachagua sombe, majani ya muhogo. Usimuulize kitu. Ule ambao anaanza kuuimba sauti ya pili kabla mwimbaji hajafika, uweke mara baada ya chakula, angali ana nguvu za kusimama.