Popo Darini: Je, Mkwaruzo Wake Una Kichaa?

SWALI: Daktari, nyumba tunayopanga Umoja ina popo darini, na magharibi inapoingia huwasikia wakikwaruza mabati kabla ya kutoka. Wiki iliyopita binti yangu wa miaka tisa alimwokota mmoja aliyeanguka uani, akamfunika kwa leso, na popo akamparua kidole. Ilitoka damu tone moja tu, nami nikaipangusa kwa pamba. Jirani anasema kichaa ni cha mbwa, kwa hiyo nisijisumbue. Je, ni kweli? Na hawa walio darini niwafanyeje? — Mama Zawadi, Umoja.

JIBU: Mama Zawadi, kabla hujasoma mengine, mpeleke binti yako hospitali leo hii. Wiki moja kupita hakumaanishi kwamba umechelewa, kwani virusi vya kichaa cha mbwa hupanda polepole kwa njia ya neva hadi kwenye ubongo, na kwa kawaida dalili huchukua wiki kadhaa au hata miezi kujitokeza. Chanjo hufaa katika muda huo. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kutegemewa. Mhudumu atakuuliza habari za mbwa, na ukijibu tu kwamba hakuna mbwa huenda akakurudisha nyumbani, kwa hiyo tamka wazi kwamba ni popo, na kwamba ngozi ilichubuka hadi kutoa damu.

Jirani yako hakukosea kabisa. Virusi vya kichaa chenyewe barani Afrika huenezwa hasa na mbwa, na hata duniani kote takribani asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa huwa wameumwa na mbwa. Popo wenye virusi hivyo hasa wanapatikana katika mabara ya Amerika. Lakini virusi hivyo vina ndugu zake, ambao wataalamu huwaita kwa pamoja lisavirusi, na wengi wao makao yao ni popo. Virusi vya Lagos viligunduliwa Nigeria mwaka 1956 katika popo wala matunda. Vile vya Shimoni vilipatikana mwaka 2009 hapa hapa kwetu Kenya, katika ubongo wa popo wa mapango ya Shimoni, pwani ya kusini. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kutokana na aina hizi mbili.

Aina inayonifanya nikuhimize ni Duvenhage. Ilijulikana Afrika Kusini mwaka 1970, baada ya mtu aliyeumwa na popo kufariki kwa ugonjwa usiotofautika na kichaa cha mbwa, na mwaka 2006 ikamuua mwingine huko huko. Mwaka 2007 mgeni kutoka Uholanzi alikuwa amepiga kambi Tsavo Magharibi, popo mdogo akamparua puani. Hakupata chanjo. Wiki chache baadaye, akiwa amesharudi kwao, aliugua na kufariki. Watu watatu tu, ndiyo, lakini wote watatu walikufa, na huyu wa mwisho alipata mkwaruzo ambao wengi wetu tungeupaka mafuta na kuendelea na safari.

Chanjo ya kawaida ya kichaa hukinga dhidi ya Duvenhage kwa sababu virusi hivyo viko karibu na vya mbwa. Kwa vya Lagos na Shimoni kinga yake ni hafifu, jambo linaloufanya usafi wa kidonda uwe na uzito zaidi. Pamba pekee haitoshi. Siku nyingine, mara tu mtu akiparuliwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama mtoto analia, na hata kama ni siku ya mgao wa maji na itabidi mtu amimine kwa kata kutoka kwenye mtungi.

Kuhusu walio darini, usiwachome moto wala kuwanyunyizia dawa: popo anayekufa huanguka chini, na hapo ndipo watoto humwokota. Kuishi nao chini ya paa moja si hatari ya kichaa, kwa kuwa virusi huingia kwa mate kupitia jeraha, au kwenye macho na kinywa. Kinyesi chao kina ubaya mwingine, hasa ukungu unaodhuru mapafu, kwa hiyo kisifagiliwe kikiwa kikavu, kilowesheni kwanza. Mwombe mwenye nyumba atazame wanapotokea jioni, atundike wavu mahali hapo ukiwa umefungwa juu na kuachwa wazi chini, ili watoke bila kuweza kurudi, kisha azibe tundu. Wakiwa na vichanga wasiotoka bado, asubiri kwanza.

Na yule wa uani, kama bado yupo, asitupwe. Vaa glavu nene, mtie kwenye kopo lenye kifuniko, na uwaarifu maafisa wa mifugo, kwa sababu ubongo wake unaweza kupimwa. Chanjo ya binti yako isingojee majibu hayo.