Maswali ya wazazi: mtoto anapochekwa na wenzake

Mwanangu wa darasa la kwanza ana kigugumizi. Wenzake wanamuiga, na sasa hataki kusoma kwa sauti. Mama, Newala

Pole sana, mama. Kigugumizi huanza mara nyingi kati ya miaka 2 na 5, na watoto wengi huacha kadiri wanavyokua. Anza na nyumbani. Akikwama, usimmalizie neno wala usimwambie "tulia, vuta pumzi". Tunayasema hayo kwa upendo, lakini yeye anasikia kwamba amekosea. Mtazame usoni, ngoja amalize, kisha jibu alichokisema.

Mwombe mwalimu amruhusu mwanao asome pamoja na mwenzake, sauti mbili kwa mpigo. Wengi wenye kigugumizi hawakwami wakisoma hivyo. Na kwa wanaomuiga, mpe sentensi moja tu: "Ndivyo ninavyoongea, subiri nimalize." Fanyeni mazoezi jioni mkipukuchua mbaazi, wewe ukijifanya mchokozi. Hata akikwama katikati, aimalize.

Bibi anamwita binti yangu "Kibogoyo" tangu meno ya mbele yang'oke. Mtoto analia, bibi anasema ni utani. Baba, Mikindani

Utani wa bibi na mjukuu ni mila yetu, nami naupenda. Lakini kwenye utani mjukuu naye hurudisha, wakacheka wote. Huyu wako analia. Zungumza na bibi pembeni, kwa heshima, amtafutie jina jingine. Binti naye mwambie meno ya utoto huanza kung'oka karibu na miaka 6, wanaomcheka na wao zamu yao inakuja. Mpe kioo aone jino jipya linavyochungulia kwenye ufizi.

Mtoto wa kaka yangu, miaka 7, anakojoa kitandani. Watoto wa jirani wanamwimbia. Shangazi, Tandahimba

Wamejuaje? Mara nyingi ni godoro lililoanikwa mbele ya nyumba. Lianikeni uani. Hafanyi makusudi, na wengi huacha wenyewe. Ila kama alishaacha akaanza upya, au anaumia akikojoa, mpelekeni zahanati.

Nimfundishe wangu kupiga ngumi? Baba, Lindi

Hapana. Akipiga, ataadhibiwa yeye. Afundishwe kusema "acha" kwa sauti kavu, kuondoka, na kuja kukueleza. Akija, msikilize mpaka mwisho kabla ya kumuuliza "na wewe ulimfanya nini?" Swali hilo limewanyamazisha watoto wengi. Akipigwa au kutishwa, nenda shuleni mwenyewe. Pia kuna simu ya watoto, 116, hailipiwi.