Jibu: Picha ya habari inawezaje kubagua?

Mkuu, umeuliza picha inawezaje kubagua wakati kamera hunasa kilichopo tu. Chukua Juni 1994, O. J. Simpson, mweusi aliyekuwa nyota wa mpira wa Kimarekani, alipokamatwa Marekani kwa tuhuma za mauaji. Polisi wa Los Angeles walitoa picha moja, majarida mawili yakaiweka jaladani wiki ileile. Newsweek waliiacha ilivyo. Time wakampa msanii, akaitia giza: ngozi ikawa nyeusi zaidi, kingo zikafifia, hata namba ya mahabusu ikapunguzwa. Majarida yalipopangwa bega kwa bega kwa wauza magazeti, siri ikawa haipo tena. Lawama zikamiminika kwamba mtu mweusi amefanywa aonekane wa kutisha zaidi, mhariri akalazimika kujieleza.

Pengine picha yenyewe haiguswi, maneno ya chini ndiyo yanafanya kazi. New Orleans, Marekani, kimbunga Katrina, 2005: kijana mweusi yuko majini na mzigo wake, wakaandika ametoka kupora duka. Wazungu wawili, mafuriko yaleyale, eti wameokota mkate na soda. Haki isemwe, yalikuwa mashirika mawili tofauti, na kila mpiga picha alijitetea kwa alichokiona. Ila wasomaji wa tovuti ya habari ya Yahoo walizikuta zote mlemle, bila utetezi huo.