Maswali na majibu: Kokoto zimebandua rangi ya boneti, nifanyeje?

SWALI: Habari fundi. Gari langu lina rangi ya fedha yenye chengachenga za kung'aa, na boneti yake ni ya chuma. Natembea sana barabara kuu, na sasa sehemu ya mbele ya boneti imejaa vishimo vidogo vilivyochimbwa na kokoto. Vingi ni kama kichwa cha pini, vichache vinakaribia punje ya mchele, na viwili vimeanza kutoa kutu. Nilinunua kichupa cha rangi ya kugusia chenye brashi kwenye kifuniko, nikajaza vishimo vitatu, lakini vimekuwa madonge meusi yanayoonekana kuliko vishimo vyenyewe. Je, naweza kuyaondoa nikarudia? Na je, waksi au dawa ya kupaka ya seramiki itazuia kokoto zisibandue tena?

JIBU: Madonge yanaondoka na kazi inarudiwa vizuri bila kupeleka gari kwa fundi rangi. Waksi na seramiki hazizuii kokoto, nitaeleza sababu mbele. Ila usianze na madonge. Anza na vile viwili vyenye kutu, maana donge litabaki vilevile hata mwaka mzima, wakati kutu hutambaa chini ya rangi nzima na kuinua eneo kubwa kuliko kishimo unachokiona. Lengo la kwanza ni bati lisipate hewa na maji. Urembo unafuata.

Kabla ya kushika kitu chochote, fahamu unacheza na unene gani. Rangi ya kiwandani ina tabaka nne: la kuzuia kutu lililogandishwa kwa umeme, takriban mikroni 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), praima, yaani rangi ya msingi, mikroni 30 hadi 40, rangi yenyewe, 15 hadi 20, na klia, tabaka angavu la juu, 35 hadi 50. Jumla ni kama mikroni 100 hadi 130, yaani unene wa karatasi ya kuandikia au kuzidi kidogo. Ndiyo maana kokoto moja hufika kwenye chuma kwa pigo moja, na ndiyo maana msasa uliokosewa unaweza kuharibu zaidi ya kokoto.

Kagua kila kishimo ukiwa na tochi. Dondoshea maji: alama ikipotea ikiwa imelowa, ni klia tu iliyokwaruzika, na mara nyingi kompaundi, dawa ya kusugulia mikwaruzo, inatosha. Ukiona kijivu au weupe usiong'aa, umefika praima, na tabaka la kuzuia kutu huenda bado lipo chini yake. Ukiona chuma kinachometa au kahawia, umefika kwenye bati. Umesema boneti yako ni ya chuma. Kama hukuwahi kuhakikisha, weka sumaku juu ya kitambaa laini. Isiponasa, hiyo ni alumini au plastiki. Alumini haitoi kutu ya kahawia, hutoa unga mweupe, na dawa ya kugeuza kutu haina kazi juu yake. Hapo utakwangua unga huo na kupaka praima inayoshika alumini.

Angalia pia umbo la kishimo. Kokoto huacha kreta ndogo yenye kingo zilizoshika. Ukiona rangi inatoka kwa vipande vipana kama ukucha, na chini yake uso ni laini, tatizo siyo kokoto. Boneti hiyo iliwahi kupigwa rangi bila kusuguliwa au kusafishwa mafuta ipasavyo, na kujaza vishimo hakutasaidia. Vivyo hivyo rangi iliyorundikwa tabaka juu ya tabaka: ikizidi mikroni 300 hivi huwa ngumu na humeguka kirahisi kuliko ile nyembamba ya kiwandani.

Sasa rangi. Usinunue kwa kulinganisha kwa macho wala kwa jina la "fedha" tu. Tafuta namba ya rangi kwenye kibati cha gari, ambacho hukaa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya chumba cha injini. Kwenye Toyota, kwa mfano, husomwa kwenye mstari wa C/TR: 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 070 ni nyeupe ya lulu. Hiyo ya lulu huhitaji rangi ya chini, tabaka la lulu, kisha klia, kwa hiyo kichupa kimoja hakiwezi kuipata. Yako ya fedha huhitaji rangi na klia vikiwa vichupa viwili tofauti. Kama ulipaka rangi bila klia, hiyo ni nusu ya sababu ya madonge kuonekana yamefifia.

Nusu ya pili ni namna ilivyopakwa. Ndani ya rangi hiyo mna chembe za alumini zinazotakiwa kulala bapa ili zirudishe mwanga. Ukijaza kishimo kwa tone moja nene, chembe huzama na kusimama ovyo ndani yake, mwanga unapotea, na doa linaonekana jeusi hata namba ya rangi ikiwa sahihi kabisa. Ongeza kichupa ambacho hakikutikiswa: chembe zimetua chini, na brashi inachota kilichoko juu. Tikisa dakika mbili au tatu kamili. Brashi ya kwenye kifuniko, kwa maoni yangu, itumike kukoroga tu. Ni kubwa mno kwa kishimo cha milimita moja.

Kuondoa madonge: funga kitambaa cha pamba kwenye kadi ngumu ya plastiki, kiloweshe kidogo kwa thina ya lakeri, upitishe mara moja moja juu ya donge bila kukandamiza. Kadi inakuwezesha kukata kilichojitokeza juu bila kuzama ndani ya kishimo. Rangi ya kiwandani imeokwa na huhimili mguso mfupi wa thina, lakini usiache kitambaa chenye thina kimelala juu yake. Rangi ya boneti iliyowahi kupigwa kwa kopo la kupulizia huyeyuka mara moja, kwa hiyo jaribu kwanza upande wa ndani wa ukingo. Donge likikataa kulainika, liache, utalishusha kwa msasa baadaye.

Kazi ifanyike kivulini, injini ikiwa imepoa, hewa ikiwa na nyuzi 15 hadi 25 hivi. Boneti ya moto hukausha uso wa tone huku chini bado ni maji, na unyevu mwingi hewani huifanya klia iwe na ukungu mweupe.

Osha kwa shampuu ya gari, kausha, kisha pangusa kila kishimo kwa alkoholi ya isopropili. Unachotafuta kuondoa ni waksi na silikoni. Rangi ikikutana na silikoni hujikunyata na kuacha tundu katikati, na hakuna idadi ya tabaka itakayolifunika. Pitisha kijiti cha meno kwenye ukingo wa kila kishimo. Rangi yoyote inayonyanyuka iondoe sasa, kwa kuwa ukiipaka juu itabanduka na kazi yako yote.

Vile viwili vyenye kutu kwangue kwa ncha ya kisu chembamba au kalamu ya nyuzi za kioo mpaka chuma kimete. Kutu iliyojichimbia ndani ya vinyweleo vya chuma haitoki yote kwa kukwangua, na hapo ndipo dawa ya kugeuza kutu, yenye asidi ya fosfori au tanini, inapohitajika. Weka tone kwa kijiti ndani ya kishimo tu, lisisambae kwenye rangi nzuri. Soma chupa, kwa sababu aina nyingine huoshwa kwa maji na nyingine huachwa zikauke. Kama yako ni ya kuoshwa, ioshe kweli: asidi iliyobaki huzuia praima ya epoksi isikomae. Na kama rangi imefura kuzunguka kishimo, kutu imeshatambaa chini. Hapo inabidi usugue hadi ufike kwenye rangi iliyoshika, na eneo likizidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, hiyo siyo tena kazi ya kichupa.

Chuma kitupu kipate praima ndani ya saa moja hivi. Ni filamu nyembamba tu, inayofunika chuma bila kujaza kishimo. Pale ambapo praima ya kiwandani bado ipo, ruka hatua hii. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Kisha mimina matone machache ya rangi kwenye kifuniko safi, ongeza thina yake kama sehemu moja kwa sehemu tano za rangi. Chovya ncha ya kijiti cha meno au brashi ya msanii namba 000, gusa katikati ya kishimo, halafu acha rangi itambae yenyewe mpaka ukingoni. Usiisukume. Subiri dakika 20 hadi 30, rudia. Kila tabaka husinyaa thina inaporuka, kwa hiyo tarajia tatu au nne. Acha rangi ikiwa chini kidogo ya usawa wa boneti, kwa sababu nafasi iliyobaki ni ya klia. Klia nayo ipake mara mbili au tatu kwa njia hiyohiyo, na mara ya mwisho tu ndipo inyanyuke nywele moja juu ya usawa.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanasugua kesho yake. Uso mkavu haumaanishi ndani pamekauka, na msasa hung'oa klia laini kwa kuivuta. Subiri siku tatu kwa uchache; wiki ni bora. Kwa vishimo vya kichwa cha pini, ushauri wangu ni kutosugua kabisa. Huoni faida yake ukisimama mita moja, na hatari ipo. Sugua vile vya punje ya mchele tu, pamoja na donge lililokataa thina. Kata kipande cha msasa namba 2000 cha sentimita moja, kibandike kwenye kipande cha kifutio kigumu cha penseli, tumia maji yenye tone la sabuni, na usugue kwa mwendo mfupi. Kausha uangalie kila baada ya mipigo michache. Donge likififia lote na rangi ya pembeni ikianza tu kufifia, simama. Ondoa mikwaruzo kwa namba 3000, kisha kompaundi, kisha polishi laini. Usisugue kamwe kwenye mkunjo wala ukingo wa mbele wa boneti. Pale rangi huwa nyembamba, na praima itatokea ghafla. Vishimo vya ukingoni viache vikiwa vimenyanyuka kidogo.

Rangi ya fedha ni miongoni mwa zile ngumu zaidi kwa kazi hii. Ukiinama juu yake utaona mahali palipoguswa. Kama hilo halikubaliki kwako, suluhisho ni kupiga boneti nzima, na fundi mzuri atapeperusha rangi hadi kwenye madigadi yote mawili ili tofauti isionekane. Akipiga boneti peke yake kwa rangi yenye chengachenga, tofauti huonekana juani. Usijaribu mwenyewe klia ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha) kwa kupulizia, hata iwe ya kopo: ina isosayanati inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii.

Kwa wiki ya kwanza usioshe kwa mashine ya presha. Baadaye weka pua ya mashine angalau sentimita 30 kutoka kwenye boneti, na usielekeze ncha ya maji moja kwa moja kwenye kishimo kilichojazwa. Waksi ingoje kama siku 30, ili vimumunyisho, yaani thina iliyomo ndani ya rangi, viishe kutoka.

Kuhusu kuzuia: seramiki ni filamu ya mikroni chache. Inasaidia uchafu usigande na gari kuosheka kirahisi, lakini kokoto haiisikii. Waksi ni nyembamba zaidi. Kinachopokea pigo ni filamu angavu ya plastiki ya poliyurethani ya kulinda rangi, ya mikroni 150 hadi 200, yaani unene unaozidi rangi yako yote. Hunyumbuka, hutawanya nguvu ya pigo, na zile nzuri hujirudi zenyewe mikwaruzo midogo inapopata joto. Stika za kubadilisha rangi ya gari ni nyembamba zaidi na husaidia kidogo tu. Ukifunika theluthi ya mbele ya boneti utaokoa fedha, lakini mstari wa mwisho wa filamu utakusanya waksi na vumbi. Mimi ningefunika boneti nzima au niache. Makoti ya ngozi bandia ya kuvalisha boneti siyapendekezi. Vumbi huingia chini yake na kusaga klia, na maji yakinaswa humo huacha ukungu.

Njia isiyogharimu chochote ni mwendo na umbali. Nguvu ya pigo hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, kokoto ileile inakugonga kwa nguvu karibu mara mbili. Nyuma ya lori, hasa penye kifusi au lami mpya yenye kokoto zisizoshika, acha sekunde tatu au zaidi. Kwa kilomita 100 kwa saa hiyo ni mita 80 na ushei.

Ukiamua kuweka filamu, jaza vishimo kwanza, vinginevyo vitaonekana chini yake kama viputo. Kama boneti itapigwa rangi upya, muulize fundi klia yake inahitaji siku ngapi kukomaa. Kwa rangi isiyookwa, siku 30 ni muda salama. Ukiibandika mapema, vimumunyisho hunaswa chini ya filamu, na siku ya kuitoa inaweza kuondoka na rangi mpya.